Nilivyokwenda Kuhani Chuoni Ibra

Nichekeni tu, wenzangu, maana nimewapa mkono wa tanzia watu wasiofiwa.

Tangu mume wangu, fundi ujenzi, alipoanguka jengoni na kufa, nikisikia msiba wa mtu natia kahawa kwenye chupa naenda. Asubuhi ile Salma, binti wa kaka yangu anayesomea uhandisi hapa Ibra, Omani, alikuwa akimlilia mwenziwe kwenye simu: "Daraja limeanguka, mafundi wote wamekufa. Kosa langu miye!" Kisha akakimbilia chuoni.

Nikajua mtoto atafungwa. Nikabeba kahawa na tende, nikamfuata kwa teksi ili niwaombe radhi wafiwa kabla hawajamshtaki.

Niliwakuta wasichana na bibi mwalimu wamesimama mstari, kimya, wakitazama ukutani. Nikawapa mkono mmoja mmoja. "Mungu awape subira. Msameheni mwanangu." Wakaitikia kwa adabu, tende wakala.

"Shangazi!" Salma akashtuka. "Kafa nani?"

"Si mafundi wako, mwanangu?"

Akanigeuza nitazame skrini kubwa ukutani. Daraja liko chini, watu wenye kofia za njano wamelala.

"Hii kompyuta inaigiza tu, shangazi. Tunakosea humu ili huko kazini asife mtu."

Darasa zima likaangua kicheko, bibi mwalimu naye tende yangu ingali mdomoni. Salma akabofya. Daraja likasimama, na mafundi wakainuka wakaendelea na kazi yao.

Aibu yote ikanitoka.

"Bofya tena, mwanangu," nikamwambia. "Niwaone wakiinuka."