Mikaratusi ya Kwetu Ilipoitwa Msitu

Siku yangu ya kwanza kazini, katika ofisi ya mipango ya mazingira hapa Bunia, shefu wa wachoraji alinitandikia ramani ya vilima vya Djugu na kunipa kalamu ya wino. "Weye fuata mustari," akasema. "Usifikiri mingi." Mistari ile ya kahawia huunganisha mahali penye kimo kimoja, ikibanana, ujue mlima ni mkali. Miraba midogo myeusi ni nyumba. Nilikiona kijiji chetu, nikautafuta mraba wa mama, nikacheka peke yangu mpaka shefu akanikoholea.

Baadaye nilitumwa Mambasa kuhakiki mipaka ya msitu, nikarudi na malaria na mvi. Nikakuta kompyuta. Shefu mpya, mhandisi mpole mwenye haraka, alitueleza kuwa mashine itajifunza kusoma ramani. Sisi tuchore duara kuzunguka nyumba, mito na misitu kwenye ramani na picha, tuitajie kila kimoja, mpaka ianze kutambua yenyewe. Kisha ingelinganisha ramani za zamani na picha za setilaiti, ituonyeshe pa kuhifadhi. Niliipenda kazi hiyo. Ilikuwa kama kumfundisha mtoto kusoma, ila huyu haombi chai.

Wakati huo vita vilikuwa vimewatoa watu Djugu. Majirani zetu walikaa kambini chini ya mahema. Mama alikaa kwangu. Kila asubuhi aliniuliza kama barabara imefunguka. Alikuwa amekimbia kabla moto haujafika kijijini, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwambia yaliyofuata.

Ndipo mashine ikatoa ramani yake. Kijiji chetu chote kilikuwa kijani: msitu, pahifadhiwe, watu wasijenge wala kulima. Nilitazama picha nikaelewa. Kwetu mwanaume akioa hupanda mikaratusi kuzunguka ua wake. Sasa ilikuwa imerefuka bila wa kuikata, matawi yakashikana juu ya majivu, na sisi wenyewe tulikuwa tumeifundisha mashine kwamba matawi yaliyoshikana ni msitu.

"Shefu, ile haiko pori," nikasema. "Ile ni miti ya batu. Baba alipanda yake wakati alioa mama."

"Naamini, muzee. Lakini wakubwa watauliza batu yenyewe iko wapi."

"Iko hapa Bunia. Mama yangu iko kwangu, anapika sombe."

Akafikiri kidogo. "Basi mulete."

Mama alivaa kitenge chake cha kanisani. Shefu akampa kiti mbele ya kioo cha kompyuta, na mama akaanza kuonyesha kwa kidole, uso umemchangamka. "Hapa kwa Lonema. Hapa kwa mupasta. Hii yetu, ona vile imekuwa mirefu!" Shefu aliandika kila ua: makazi, makazi. Nilijaa furaha. Kisha kidole kikasimama.

"Sasa nyumba yangu iko wapi, mutoto yangu?"

Shefu aliinamisha kichwa. Mimi nilimshika mkono.

Nimestaafu. Ninyi vijana mnaofundisha mashine siku hizi, mkiona miti, ulizeni kwanza nani aliipanda. Mpango ulirekebishwa, na hakuna atakayewazuia watu wetu kurudi kwa sababu ya ramani. Hilo linanifariji, lakini si sana. Tangu asubuhi ile mpaka tulipomzika hapahapa Bunia, mama hakuniuliza tena kama barabara imefunguka.