Alifua gauni la marehemu, sasa anamngoja mama yake

Saa mbili asubuhi, Mama Shuka anatandika kitanda ambacho jana hakuna aliyekilalia. Anavuta shuka, anapiga mto ngumi mbili, kisha anafungua bomba la bafuni ili maji yasioze kwa kukaa.

"Vyumba arobaini, mgeni hata wa dawa hakuna," anasema. "Lakini nikiacha kutandika, nitafanya nini? Nitalia tu."

Jina la Mama Shuka alipewa na wenzake wa usafi hotelini hapa. Walikuwa kumi na mmoja. Wamebaki wawili, kwa nusu mshahara.

Miezi kumi na moja iliyopita, roshani ya jumba la makumbusho, mtaa wa pili kutoka hapa, iliporomoka na kuua watu kumi na tisa, wengi wao watalii. Wiki hiyohiyo wageni wakafungasha virago. Mji huu unaishi kwa wageni, na hawajarudi. Wenye teksi wanasinzia mchana kweupe.

Mmoja wa waliokufa alikuwa msichana wa chumba namba tisa. Asubuhi ile alimuaga Mama Shuka mlangoni: "Dada, leo usihangaike na chumba changu, ni shaghalabaghala."

Kazi ni kazi. Mama Shuka alibadilisha mashuka, akafua hata gauni la kulalia lililoachwa kitini. Jioni habari zikafika.

Siku ya tatu mama wa marehemu akaja. Alilinusa lile gauni, akaketi sakafuni.

"Akaniuliza, 'Mwenzangu, hukuacha hata foronya moja?' Nilikosa pa kuweka uso wangu. Harufu ya mtoto wake niliitoa mimi, kwa sabuni, kwa mikono hii."

Anageukia dirishani.

Mwisho wa mwezi hoteli inafungwa. Oda iliyopo ni moja, ya mwezi ujao: yule mama, anakuja kuadhimisha mwaka wa kifo cha mwanawe.

"Nilimwomba bosi tumngoje. Akasema, 'Mama, mtu mmoja halipii hata umeme.' Hakukosea."

Basi Mama Shuka akampigia yule mama simu mwenyewe. Kwake kuna chumba kimoja na sebule. Yeye na wanawe wawili watahamia sebuleni.

"Nikamwambia, njoo tu, pa kulala papo. Akaniuliza wanangu wana umri gani. Nikamtajia. Akasema, 'Basi nitakuja siku mbili kabla, nizoeane nao.'"