Bi Macho wa Kopo la Poda

Enzi zetu sisi, sura ya mtu ilikaa juu ya shingo yake, basi. Hukuikuta ukutani, wala mezani, wala mfukoni mwa mtu mwingine. Mwenzangu uliyekulia mashamba ya Konde kabla ya vita vikuu vya pili unanielewa. Nyumba zetu zilikuwa na kuta za udongo zilizosiribwa vizuri, na juu yake hapakutundikwa kitu zaidi ya kikapu na ungo. Picha hazikuwamo, na wala hatukujua kwamba zinakosekana.

Nyumbani kwetu mambo yalizidi kwa sababu ya bibi yangu mzaa mama, Bi Mize. Kila kitu kilichotoka dukani kikiwa na picha ya kiumbe, kilipita kwanza mikononi mwake. Alikuwa na msumari wake, kauchomeka kwenye makuti karibu na mlango, na kwa msumari huo alimkwaruza kichwa simba wa kiberiti, akamkwaruza jogoo wa kopo la rangi, akamkwaruza na Mzungu mwenye ndevu aliyekuwa juu ya bati la biskuti. Mimi kwa miaka mingi nilidhani wanyama wa Ulaya huzaliwa bila vichwa. Tukimuuliza, jibu lake lilikuwa moja: "Malaika hawengii nyumba yenye sanamu. Mwataka tulale peke yetu?" Na mwalimu wetu wa chuoni, aliyetusomesha Kurani, alisema vivyo hivyo, kwa hiyo halikuwa neno la kubishaniwa.

Siku zetu zilikwenda taratibu. Asubuhi muhogo wa kuchemsha na chai ya mchaichai, kisha chuoni, kisha kuteka maji, kisha mdako kwenye kivuli cha mfenesi mpaka kokoto zituchubue vidole. Msimu wa karafuu ukifika, mchezo ulikwisha. Jioni tulikaa juu ya majamvi, wakubwa kwa wadogo, tukichambua karafuu kutoka kwenye makonyo, vile vikonyo vyake, huku wanawake wakihadithiana mambo ambayo hatukutakiwa kuyasikia, nasi tukijifanya hatusikii. Mikono ilinukia karafuu hata ukila wali unaona umetiwa viungo.

Ni msimu mmoja wa namna hiyo, nami nikiwa na miaka kama tisa, ndipo alipokuja mama mdogo Saada. Huyu alikuwa kitinda mimba wa Bi Mize, ameolewa Unguja mjini na karani. Alishuka kwenye gari la abiria pale Konde na viatu vya visigino virefu, na mvua ilikuwa imenyesha jana yake. Kila hatua kisigino kilizama, akichomoa, kinazama tena, sisi watoto tunamfuata nyuma tumeziba midomo. Alipofika ndani akavua buibui. Lo! Gauni lilikomea chini kidogo ya magoti, na nywele, zile nywele zake ndefu, zilikuwa zimekatwa usawa wa masikio na kuviringishwa vipete vipete.

Bibi alimtazama kuanzia juu hadi chini. "Saada, chawa walikuzidi?"

"Ndo mtindo, Mama. Mjini wote wanakata hivi."

"Wote?" Bibi akamgeukia mama yangu. "Basi mji mzima una chawa."

Lakini kilichotutia wazimu sisi wasichana hakikuwa nywele wala viatu. Lilikuwa kopo lake la poda. Juu ya kopo lile palichorwa mwanamke ambaye sijapata kumwona wa mfano wake. Kichwa kikubwa kuliko kiwiliwili, shingo hana, kidomo kidogo chekundu kama zabibu, kipete kimoja cha nywele kimelala kwenye paji la uso, gauni fupi lisilomsitiri, na hereni za duara. Na macho! Makubwa, meusi, na kope ndefu zimesimama moja moja, hata ungeweza kuzihesabu. Tukamwita Bi Macho.

Mama mdogo alituambia kwamba mwanamke huyo si mtu, ni mchoro, na kwamba mchoro wenyewe unatembea. Alikuwa amemwona kwenye sinema, siku ile ya wanawake peke yao, ambapo akina mama wa mjini hujaa na watoto wao na njugu zao. Anacheza, anaimba kwa kisauti chembamba kama kifaranga aliyepotea, saa ya ukutani inamkonyeza, na viti navyo vinasimama vinacheza. Mama mdogo alisimama nyuma ya jiko akatuonyesha: magoti yanagongana, viganja vinapunga, kiuno hiki huku, kiuno hiki kule. Sisi tukapagawa. Baada ya siku mbili hapakuwa na msichana pale kwetu asiyekuwa na kipete cha nywele kwenye paji, kimegandishwa kwa mafuta ya nazi na mate. Tuliiba wanja, tukajichora kope mpaka kwenye nyusi. Tuliiba tambuu ya Bibi tukatafuna ili midomo iwe myekundu, mmoja akalewa tumbaku akaanguka, na mama zetu wakatuchapa wote kwa ufito wa kuti, aliyelewa na asiyelewa.

Wajukuu zangu leo wanabandika kope za dukani, wakipepesa unasikia upepo, halafu wananiambia, "Bibi, nyinyi hamkujua urembo."

Bibi alipoliona kopo, alinyoosha mkono juu kuuchukua msumari. Mama mdogo akamwomba amwachie mpaka atakapoondoka, maana akisharudi kwake kopo halitakuwa tena ndani ya nyumba ile. Bibi akakubali kwa sharti kwamba Bi Macho alale nje. Siku ya safari, mama mdogo alinivuta nyuma ya ukuta akanitia kopo mkononi, poda imekwisha, harufu imebaki. "Chukua. Lakini Mama akiliona, miye simo."

Sikuliingiza ndani. Nilikuwa mtoto wa chuoni, naogopa. Nililificha kwenye jiko la nje, ndani ya chungu kilichopasuka, ili malaika waweze kuingia nyumbani kwetu kama kawaida. Nilikuwa nikienda kumwangalia mchana, kisha namfunika.

Masika yalipoingia, Bibi akaumwa. Ilianza kwa kikohozi, ikaja homa, kisha akawa hasimami. Akalazwa kwenye kitanda cha kamba chumba cha mbele. Watu wakaja na dawa zao, mwalimu akaja akasoma, na Bibi akazidi kupungua ndani ya nguo zake. Siku moja nilimsikia jirani akimnong'oneza mama yangu: "Jikazeni. Izraili yu mlangoni huyo."

Maneno yale nilikwenda nayo mpaka jikoni, nikakaa chini, nikafikiri. Malaika hawaingii nyumba yenye sanamu. Izraili, mtoa roho, ni malaika. Basi haingii.

Sikuona kosa lolote katika hesabu hiyo, na hata leo naiona ilikuwa safi kwa mtoto wa miaka tisa. Nililichukua kopo, nikalificha chini ya leso, nikapenya chumbani Bibi akiwa amelala. Nikaliweka chini ya kitanda, Bi Macho kaelekea mlangoni, macho yake yote mawili wazi. Kuanzia hapo nikatulia. Watu wazima walilia kwa siri, mimi nikacheza mdako. Walinishangaa, na mama yangu alisema mtoto huyu hana huruma.

Siku zikapita. Bibi hakufa. Nilijisifu moyoni. Lakini pia hakupona. Alikuwa analala akigugumia kwa maumivu, haendi mbele, harudi nyuma, hata mama yangu akawa anasema kwa uchungu kwamba bora Mungu amchagulie moja. Hapo ndipo nilipoanza kuhesabu upya. Kama Izraili amezuiwa pale mlangoni, basi na malaika wa rehema wamezuiwa pamoja naye. Nilikuwa nimemfungia Bibi yangu ndani na homa yake. Nikilitoa kopo, rehema itaingia, na yule mwingine naye ataingia. Nikiliacha, Bibi atagugumia hivi hivi mpaka lini? Kwa siku mbili sikula nikashiba. Nililala nikiwaza, nikaamka nikiwaza, na hapakuwa na mtu wa kumuuliza.

Alasiri moja mama alikwenda kisimani, tukabaki wawili. Nikapiga magoti kando ya kitanda nikamweleza Bibi kila kitu, tangu kwenye chungu mpaka chini ya kitanda, nikilia.

Kisha kifua kikaanza kumtikisika, nikadhani ndiyo mwisho, kumbe anacheka.

"Mke mwenzangu," akasema, maana ndivyo alivyozoea kunitania, "waniambia miye siku zote hizi nalindwa na huyu asiyejua kuvaa?"

"Ndiyo, Bibi."

"Hebu n'letee nimwone."

Nikamshikia kopo. Akalitazama muda mrefu, pumzi zikimpanda na kumshuka. "Maskini. Na hereni kavaa." Akafumba macho, akapumzika, ndipo akaniambia taratibu: "Huyo unayemzuia, mwanangu, hazuiliwi. Ana amri. Angezuilika kwa kopo, babu yako ungemkuta. Niletee msumari."

Niliuleta. Mkono wake haukuwa na nguvu ya kukwaruza, basi alinipa mimi niushike, akaweka wake juu ya wangu, ukiwa wa moto na mwepesi. Tulianza na mdomo. Tulipofika kwenye macho nilisita, naye akanikandamiza kidogo, tukaendelea mpaka bati likawa jeupe.

"Haya," akasema. "Sasa mlango u wazi. Aingie atakayekuja, miye simwogopi. Na weye usimwogope."

Siku ile alikunywa uji akaumaliza, akalala bila kugugumia. Siku ya nne, mchana, akafariki. Alikuwa ametulia, na mama yangu alisema ni rehema. Mimi nilifua, nikafagia, nikakaa na wanawake matangani, na kwa miaka mingi baada ya hapo, hata nilipokwisha kuolewa, niliamini kwamba nilimuua Bibi yangu kwa msumari. Nilipata kuzaa na kuzika wangu mwenyewe ndipo nilipoelewa kwamba alichonifanyia alasiri ile ni kunitua mzigo, na kwamba alijua siku zake.

Leo nyumba yangu imejaa sura. Harusi ziko ukutani, wajukuu wako kwenye simu, nami mwenyewe nimepigwa picha nikila embe sina jino, na picha hiyo imefika mpaka Maskati. Hakuna anayesubiri mtu afike ndipo amwone. Siwalaumu, dunia inakwenda. Ila enzi zile ulimtazama mtu vizuri, kwa sababu akishaondoka ameondoka.

Au ndivyo ninavyopenda kusema. Mwezi uliopita mjukuu wangu Raya, hodari wa kuchora, alikaa miguuni pangu na karatasi. "Bibi, n'ambie Bi Mize alikuwaje, nikuchoree." Nikafurahi. Nikamweleza pua, nikamweleza shavu, nikamweleza macho yalivyokuwa makubwa na kope zilivyosimama. Alichora kwa makini, kisha akaanza kucheka.

"Bibi, mbona kawa katuni?"

Nikachukua karatasi nikaitazama. Yalikuwa macho ya kopo, ukope kwa ukope. Ya Bibi yangu sinayo. Nimeyatafuta mpaka leo, siyaoni.