Nilivyofundisha Kemia Al-Safa

Watu wakiniuliza nilifanya kazi gani Saudia, huwajibu kwamba nilikuwa mfanyakazi wa ndani. Na kweli nilikuwa. Nimepiga deki, nimepiga pasi kanzu hadi mkono ukafa ganzi, nimepika wali wa kulisha harusi. Lakini nilifundisha kemia pia, na huwa napandwa na hasira kidogo mtu akicheka nikilitaja hilo. Kwa hiyo leo nitalieleza polepole, kuanzia mwanzo.

Nilitoka Voi mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili na kumi, wakati maajenti walikuwa wakitupeleka kwa makundi, nusu ya ndege imejaa wasichana wa Kenya wenye bahasha zinazofanana mikononi. Shuleni sikuwa mtu wa kubahatisha. Kemia nilipata A. Kilichoniangusha ni hisabati, niliyopata D, na hiyo D ikanifungia mlango wa ufamasia, kazi niliyoitaka tangu kidato cha pili. Nililia wiki nzima. Kisha nikaajiriwa katika duka la dawa pale mjini, nikapanga na kuuza dawa miaka mitatu, nikisoma kila karatasi iliyokunjwa ndani ya maboksi. Mwenye duka alipohama, nikaenda kwa ajenti kama wenzangu.

Nyumba yangu ya kwanza ilikuwa Riyadh, mtaa wa Malaz, kwa ajuza mmoja mjane aliyekuwa akiishi peke yake ghorofa ya tatu. Nilimwita mama kabira, yaani mama mkubwa, kama wafanyakazi wengi wa huko wanavyomwita bibi wa nyumba. Kazi yangu ilikuwa kumtunza. Alikuwa na sukari na presha, na dawa zake alizitia zote ndani ya bati la biskuti, zimechanganyika kama vifungo vya fundi cherehani. Wiki ile ile niliyofika nikazimwaga mezani, nikazisoma moja moja. Nikakuta mbili zenye majina tofauti makubwa juu ya boksi, ilhali jina dogo la chini, lile la dawa yenyewe, lilikuwa moja. Moja aliandikiwa na daktari, nyingine alijinunulia zamani kwa sababu jirani aliisifu. Alikuwa akimeza zote mbili kila asubuhi, halafu akishangaa kwa nini kichwa kinamzunguka akisimama. Nilimpigia simu binti yake aliyekuwa Jeddah, naye akamuuliza daktari, na daktari akasema ile ya jirani itupwe mara moja. Tangu hapo mama kabira hakumeza hata kidonge cha kichwa kabla hajanionyesha.

Mwaka wa pili magoti yake yakagoma, ngazi zikamshinda, na binti yake akaamua kumhamishia kwake Jeddah, mtaa wa Al-Safa. Nami nikahamishwa pamoja naye, na ikama yangu, kile kibali cha kuishi, ikaandikwa jina la mume wa binti. Huyo binti ndiye aliyekuwa madam wangu kuanzia siku hiyo. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mwanamke wa haraka haraka, aliyeamini kwamba kila mtu ana pahali pake ndani ya nyumba, na pangu palikuwa jikoni na chumbani kwa mama yake.

Madam alikuwa na binti wa miaka kumi na minane aliyekuwa ndiyo kwanza ameingia chuo kikuu, na alitaka kuwa mfamasia. Nilipolisikia hilo nikaficha uso kwenye sinki. Lakini kule mtu haingii ufamasia moja kwa moja. Kuna mwaka wa maandalizi kwanza: Kiingereza, hisabati, fizikia, biolojia, takwimu na kemia, na yote yanafundishwa kwa Kiingereza. Mwisho wa mwaka wanafunzi wanapangwa kwa wastani wa alama. Wa juu wanachukua udaktari na ufamasia, na waliobaki wanapelekwa kwingineko, wapende wasipende. Yule msichana alikuwa moto wa kuotea mbali katika hisabati, ila Kiingereza chake kilichechemea, na kemia ya Kiingereza ikawa inammaliza kabisa.

Siku moja baada ya chakula cha mchana, nyumba nzima imelala, nilimkuta kwenye meza ya jikoni analia kwa kwikwi.

"Ana mafi fahim mol!" akaniambia kwa kile Kiarabu cha mkato wanachotusemesha sisi. Haielewi mol. "Halas, mafi saidala!" Basi, hakuna tena ufamasia.

Sasa, mol kwa watu wa Jeddah ni lile jumba la maduka lenye viyoyozi. Nikalishika neno hilo tu, nikadhani mama yake amemkatalia kwenda kununua viatu. Nikamwekea maji, nikamwambia, "Pole, mpenzi. Mol haihami. Ijumaa baba atakupeleka."

Aliniangalia kana kwamba nimerukwa na akili, kisha akanisukumia daftari. Nikalitazama. Kumbe ilikuwa moli! Moli ya kidato cha tatu, niliyoifanyia mazoezi hadi kalamu zikaisha wino. Alikuwa ameandika fomula sahihi kabisa, na chini yake amejaza machozi. Nilivuta kiti nikaketi. Tangu niingie nyumba ile sikuwa nimewahi kuketi kwenye meza hiyo.

"Kwani unasoma Kiingereza?" akaniuliza.

"Nasoma kemia," nikamjibu, na nilijivuna, sikatai.

Nikatoa trei ya mayai kwenye friji. "Haya ni mangapi?"

"Thalathini."

"Umeyahesabu?"

"La. Si trei?"

"Basi moli ni trei ya mkemia. Idadi yake ni kubwa ajabu, lakini ni idadi tu. Haya, chukua trei ya mayai ya kuku na trei nyingine ya mayai ya kware. Ipi ina mayai mengi?"

"Sawasawa."

"Na uzito?"

Akalitazama daftari, akayatazama mayai, akashika kichwa kwa mikono miwili. "Wallahi!" akasema. Halafu akaanza kuandika kwa kasi, akanisahau kwamba nipo, nami nikabaki nimemtazama kwa furaha ambayo sikuwa nimeionja tangu nitoke nyumbani.

Ikawa ndiyo saa yetu. Kila siku nyumba ikilala mchana, sisi tulikuwa jikoni. Nilimfundisha kwa Kiingereza cha Voi, Kiarabu cha jikoni na mikono yangu. Na yeye, tulipofika kwenye asidi na logarithimu zake, akanigeuzia kibao akawa mwalimu wangu wa hisabati. Alinionyesha mara mbili, mara ya tatu nikafanya peke yangu. Niliona uchungu na raha kwa wakati mmoja. Ile D niliyoibeba miaka yote ilikuwa haina miujiza yoyote ndani yake, nilikosa tu mtu wa kunieleza bila kunifokea.

Kilichotuponza ni karkade, kile kinywaji chekundu cha maua yaliyokaushwa. Nilitaka aone kwa macho jinsi asidi na besi zinavyobadili rangi. Kwenye gilasi tulitia magadi kidogo ya kupikia, karkade ikageuka kijani cha bahari. Tukakamulia ndimu, ikarudi nyekundu. Mtoto wa watu akapagawa. Kabla sijamzuia, akamimina kijiko kizima cha magadi ndani ya jagi la wageni waliokuwa wakitarajiwa alasiri ile. Madam akaingia wakati huo huo. Akaliona jagi la kijani, kisha akaniona mimi nimeketi mezani, kalamu mkononi. Nadhani ile kalamu ilimuudhi kuliko karkade.

"Wewe umekuja kumtunza mama yangu," akasema. "Binti yangu ana maprofesa. Mtihani umebaki wiki tatu, utamvuruga akili. Yalla, inuka!"

Niliinuka. Nikasema, "Ndiyo, madam," nikalisugua lile jagi hadi likalia. Niliungua ndani. Hasira yangu ilikuwa kubwa, lakini hofu ilikuwa kubwa zaidi, kwa sababu nilijua hesabu zake zote. Mtihani wa katikati ya muhula alikuwa ameanguka. Asingepata A katika huu wa mwisho, wastani wake ungeshuka, na ufamasia ungekwenda hivi hivi, kama ulivyokwenda wangu.

Mama kabira alikuwa amesikia kila kitu. Magoti ndiyo yaliyokuwa mabovu, masikio yalikuwa mazima. Asubuhi ya pili, kwenye chai, akamwambia madam kwamba anajihisi mpweke, na anataka mjukuu wake aje kukaa naye chumbani kila siku baada ya chakula cha mchana.

"Na vitabu vyake aje navyo," akaongeza.

Madam hakuwa mjinga. Alijua ni nani mwingine anayekaa chumba kile saa hizo. "Mama," akaanza, "huyu ni mfanyakazi tu."

"Huyu," mama kabira akasema, "alizisoma dawa zangu wakati ninyi mlikuwa mkinisomea dua."

Madam akamimina chai. Mimi nilikuwa nimesimama na sahani ya mkate, nikijifanya sisikii Kiarabu.

Wiki tatu tulisoma kando ya kitanda cha mama kabira, tukiandika nyuma ya kurasa za kalenda kuukuu. Yeye akisinzia, akizinduka, akiuliza tumefika wapi. Msichana akimjibu, "Chumvi, bibi," naye akisema, "Endeleeni," akalala tena. Siku ya mtihani nilimfungia mkate na jibini, nikamwambia asome swali mara mbili kabla ya kuandika. Alipoondoka nilifua mashuka yaliyokuwa safi tayari.

Matokeo yalikuja kwenye simu yake. Nilisikia ukelele koridoni nikadhani ameanguka. Kemia, A. Nikamkumbatia nikiwa na unga mikononi, nikamchafua abaya yote, na wala hakujali. Majuma kadhaa baadaye orodha ikatoka, na jina lake lilikuwa upande wa ufamasia.

Madam akaalika shangazi na mama wadogo wote wa ukoo. Sebule ya wanawake ikajaa manukato na vicheko. Kahawa kule ina adabu yake: anayemimina husimama, dele, yaani birika la kahawa, mkono wa kushoto na finjani mkono wa kulia, anaanza na mwenye heshima zaidi, anamimina kidogo kidogo, na hakomi kukumiminia mpaka wewe mwenyewe uitikise finjani kuonyesha kwamba umetosheka. Kazi hiyo ilikuwa yangu. Niliingia na dele kama kawaida, nikaelekea kwa mama kabira.

"Mpe dele mjukuu wangu," akasema.

Msichana alikuwa ameshasimama. Akanipokonya dele na finjani zote. Nikabaki mikono mitupu katikati ya zulia, wanawake kumi na watano wananitazama, sijui niende wapi. Mama kabira akapigapiga mto uliokuwa kando yake, kule juu ambako huketi wakubwa. Nikamgeukia madam. Nilikuwa tayari kurudi jikoni akikunja uso hata kidogo.

"Keti, abla," madam akasema. Abla ndivyo watu wa Jeddah wanavyomwita mwalimu wa kike.

Nikaketi. Msichana akamimina finjani ya kwanza, akanipa mimi, mbele ya bibi yake na shangazi zake wote. Nikanywa. Akamimina ya pili, nikanywa. Shangazi mmoja aliyekuwa upande wangu wa kulia alikuwa akingoja zamu yake, akikohoa kwa adabu. Miaka mitatu nilikuwa nimewamiminia watu kahawa, na jinsi ya kuitikisa finjani niliijua vizuri sana. Nikamaliza ya tatu, nikainyoosha mbele, nimeituliza tuli, na mfamasia wangu akainama akanimiminia ya nne.