Picha Iliyoonyesha Ziwa

Warundi wawili wakikutana Matonge, mtaa wa Waafrika jijini Brussels, swali halikawii: kwenu ni kilima gani? Burundi ni nchi ya vilima, na kilima ndiyo anwani ya mtu. Anayekijua chako ameujua ukoo wako, pengine na kura yako.

Zaituni, muuza dagaa na mawese kwenye barabara ya Chaussée de Wavre, amekuwa akijibu kwa uongo tangu afike huko. Kaka yake, Abdul-Aziz, aliandamana Bujumbura mwaka 2015, rais alipotaka muhula wa tatu. Jaribio la mapinduzi liliposhindwa, alikimbia. Leo anatangaza kila Jumapili kwenye redio ya mtandaoni, akiwataja kwa majina waliowateka watu. Mama yao, aliyewalea mtaani Buyenzi, Bujumbura, alipanda kurudi kwenye kilima alikozaliwa, ambako jamaa zake wanajua kunyamaza. Kilima hicho hakitajwi hapa, kwa ombi la Zaituni.

Akiulizwa, husema Ngozi, kaskazini. Amejifunza hadi siku ya soko la huko.

Aprili, mwanaume mwenye koti la kijivu aliingia, akachambua dagaa kwa vidole na kuguna.

"Tonton, usiwadharau, wamesafiri kuliko weye."

Alicheka. "Bon, maman. Kwenu ni colline gani?"

"Ngozi."

"Ah, Ngozi." Akainua macho ukutani, juu ya kichwa cha Zaituni. "Na huyu ni mama?"

Hapo ndipo Zaituni alipoikumbuka picha. Aliitundika wakati wa Idi, kwa sababu mama alikuwa ametabasamu. Nyuma ya mama, chini kabisa ya migomba, Tanganyika inang'aa, na ng'ambo yake imesimama milima ya Kongo. Hivyo ndivyo ziwa linavyoonekana kutoka miteremko ya Mumirwa, juu ya Bujumbura. Ngozi iko upande wa pili wa safu ya milima. Huko huwezi kuliona ziwa hilo hata ukipanda mti.

"Ngozi wamepata Tanganyika lini?" mwanaume aliuliza, bado akitabasamu. Alilipa, akafika mlangoni, akageuka. "Kaka yako namsikiliza sana Jumapili. Msalimie. Na mama."

Labda ni msikilizaji tu. Zaituni anakiri hivyo. Siku ile alifunga duka, akaketi nyuma ya magunia ya unga, akampigia mama.

"Mama, shuka mjini leo."

"Kwa nani? Buyenzi ndiko wanakonijua zaidi."

"Basi vuka uende Uvira, Kongo."

"Na magoti haya? Acha kulia, unamaliza vocha." Ikasikika sufuria ikifunikwa. "Sikiliza. Nitalala migombani. Vita vya tisini na tatu vilipotuleta huku, tulilala humo humo, weye mgongoni, kaka yako nimemshika mkono. Mahali napajua."

Abdul-Aziz alitaka kuacha kutangaza. Mama amekataa.

Picha imeshushwa, msumari bado upo. Akishamhudumia mteja, Zaituni hufungua simu kutazama hali ya hewa ya Bujumbura. Aprili ni mwezi wa mvua kubwa, na miteremko ya Mumirwa huporomoka.