Sweta jekundu la Kabula nililolirusha ziwani

Jumamosi, saa mbili na robo asubuhi. Ndivyo linavyosema daftari langu la kidato cha pili, na ndiyo saa niliyovaa sweta jekundu la Kabula.

Wakuu, habari za humu. Nimesoma mnavyobishana kama rangi nyekundu inabadilisha mtu, nikaona nilete ya kwangu ya Mwanza, miaka ya tisini. Siongezi chumvi, daftari lipo hapa mezani.

Nilikuwa na aibu balaa. Mwalimu akiniita jina tu, najificha nyuma ya daftari.

Kabula tulikaa dawati moja. Sweta lile mama yake alilinunua mitumba ilipoanza kumwagika mjini, akalivaa msimu mmoja, akafariki. Kabula hakuwahi kulivaa. Alikuwa analinusa tu.

Siku hiyo nilitakiwa kuvuka ziwa kwa kivuko kwenda Kamanga, harusi ya binamu yangu, nisome salamu za ukoo mbele za watu. Wiki nzima nazisoma kwa kunong'ona pale dawatini. Kabula akanionea huruma.

"Vaa hili. Mama akilivaa hakuna wa kumnyamazisha."

Wakuu, masikio yalipata moto! Moyo unadunda, mgongo umenyooka wenyewe. Nilisoma zile salamu mpaka mama wadogo wakapiga vigelegele. Hadi muziki nikacheza. Mimi!

Jioni tunarudi, kivuko kipo katikati ya ziwa, wingu likafunga. Radi ikapiga upande wa Igogo.

Bibi mmoja mwenye tenga la dagaa akanikazia macho. "We binti, vua hilo jekundu! Unatuitia radi!"

"Shikamoo bibi..."

"Marahaba, vua kwanza!"

Kijana nyuma yangu akadakia, "Huyu akipigwa, tunabanikwa wote na dagaa wa bibi." Watu wakacheka.

Kwa wasiojua, kwetu mvua ikija nguo nyekundu inafichwa. Unaikunja, unaitia kwenye mfuko, basi. Na mfuko nilikuwa nao, wakuu. Hapo ndipo panaponiuma mpaka leo.

Macho yote yalikuwa kwangu. Ule moto wa masikio ukageuka aibu ileile ya darasani. Nikavua, nikalirusha majini.

Bibi akashika kichwa. "Mwanangu! Nimesema uvue, nani kakwambia utupe?"

Lilielea kitambo, jekundu vilevile, tukaliacha. Mvua yenyewe ikapita pembeni.

Kwa hiyo wanaosema nyekundu inaamsha mwili siwapingi, niliisikia kwenye ngozi. Ilinipa sauti ya kusoma salamu. Ya kusema "hili ni la marehemu, naomba nilikunje" sikuwa nayo, na hakuna sweta ambalo lingenipa.

Mwenye kisa cha nyekundu akiweke hapa chini. Na Kabula, kama umo humu, soma mpaka mwisho.

Jumapili asubuhi, kabla ya misa, nilikwenda kwao. Nikamwambia watu wa kivuko walinivua kwa nguvu, wakalitupa.

Akaamini palepale. Nani asingeamini, kwa nilivyojulikana kwa woga?

Akanishika mkono. "Pole jamani. Mimi ndiye niliyekuponza."

Nikamjibu, "Asante."