Palipo na Jua, Pasipo na Upepo

Kipupwe cha Dodoma wageni hawakiamini mpaka kiwapate. Wanakuja wakijua huku ni jua na vumbi basi, halafu mwezi wa sita unaingia, upepo unaanza kuvuma tangu alfajiri, na waheshimiwa wa ofisini tunawaona wamejikunyata kama kuku walionyeshewa. Sisi wa Ihumwa, nje kidogo ya mji, tunajua la kufanya. Unatafuta mahali penye jua, unatafuta kitu cha kuziba upepo, unakaa hapo mpaka mwili uchangamke. Evarista alilijua hilo kuliko sisi wote, na ndilo lililomponza.

Mimi ni Anjelina, jirani yake. Kati ya ua wangu na wake kuna mstari wa minyaa tu, tena yenye mapengo. Nimesikia wanavyomsema huko mjini, watu ambao hata sura yake hawaijui, na nimechoka kunyamaza.

Mume wake alikuwa kibarua wa reli, akafa mapema na kumwachia mtoto mmoja mgongoni, Batholomeo. Evarista alimlea kwa maji. Wakati wa kiangazi korongo letu likikauka alikuwa anashuka asubuhi, anapiga magoti, anachimba mchanga kwa mikono mpaka maji yajitokeze, anayachota kwa kata taratibu yasichafuke, anajaza ndoo na kwenda kuwauzia mama lishe wa stesheni. Batholomeo akasoma kwa hayo maji. Leo yuko wizarani, anaishi mjini, Area D, kwenye nyumba yenye geti, na mke wake Ritha, mwanamke wa Tanga ambaye baridi yetu hajaizoea mpaka leo.

Wajukuu wawili. Ruthu, wa darasa la tatu, na Filipo, aliyekuwa ndiyo kwanza ameanza awali. Kila likizo ya mwezi wa sita waliletwa kwa bibi, na kila likizo bibi aliwatembeza. Kule kwao walikuwa wanashinda ndani na luninga. Kwake waliamkia kwenye mwamba ulio nyuma ya nyumba kuota jua, wakaenda kuangua ubuyu, wakasimama mbali na reli kungoja treni ya umeme ipite ili waipungie mkono. Lakini walichokipenda kuliko vyote ni kushuka korongoni. Huko kila mtoto alichimba kisima chake, akangoja maji yake, akayanywa yeye kwanza.

Filipo alikuwa mume wake. Ndivyo bibi na mjukuu wanavyotaniana kwetu, na Evarista aliufanya utani huo kwa moyo wote. "Mume wangu, tangu umeondoka nimekula nini mimi?" Ruthu alikuwa mke mwenzake, na waligombana kutwa nzima nani atamkatia mume kucha. Nilikuwa nawasikia kupitia minyaa, na nasema kweli, nilikuwa naona wivu.

Mwaka uliotangulia Filipo alirudi Area D na kikohozi. Kikohozi kikageuka nimonia, mtoto akalazwa, akawekewa mashine ya kupumulia. Ritha alipiga simu, akasema maneno ambayo mkwe hamwambii mkwe. Mimi nilimtetea Evarista kwa mdomo, lakini moyoni nilijua yule mama ana haki. Mtu aliyekesha akihesabu pumzi za mwanawe huwezi kumdai adabu.

Kwa hiyo mwaka huu Ritha alikataa. Batholomeo akabembeleza, akabembeleza, mpaka mke akakubali kwa sharti. Aliwaleta mwenyewe. Akapiga goti, akasema, "Shikamoo mama," kisha akasimama na kusema lililomleta. "Huyu mtoto asipigwe na upepo. Asishike maji ya baridi. Nikisikia amekohoa tu, namfuata siku hiyo hiyo, na hatakuja tena."

"Nimesikia, mwanangu," Evarista akajibu.

Na alisikia kweli. Yule mwanamke hakuwa na kitu kingine cha kungojea mwaka mzima zaidi ya wale watoto, na sasa alikuwa anaambiwa kwamba kikohozi kimoja kitamnyang'anya. Alimvalisha Filipo sweta mbili, moja juu ya nyingine, na kofia ya sufu inayofunika masikio. Hakumtoa nje mpaka jua lipande. Mtoto akikohoa kwa sababu ya moshi wa kuni, bibi anaacha sufuria, anakuja kumwekea sikio kifuani. Nilimcheka. Nikamwambia, "Evarista, mume utamchemsha." Hakucheka.

Mwamba ukapigwa marufuku kwa sababu upepo unapita pale wazi. Treni nayo ikapigwa marufuku. Filipo alikaa mlangoni amefungwafungwa nguo, anamtazama dada yake akicheza, na kila siku alikuwa na wimbo mmoja: bibi, twende korongoni.

Sasa nieleze habari za korongo. Tangu serikali ihamie na kila mtu kuanza kujenga, mchanga wetu umekuwa mali. Malori yanashuka mle ndani, vibarua wanapakia kwa koleo, mchanga unakwenda kuwa kuta za watu. Walipoumaliza wa katikati wakaanza kukwangua ule wa pembeni, chini ya ukingo. Udongo wa juu ukabaki umening'inia, chini kukawa na uwazi kama kibaraza. Tulilalamika kwamba maji yamekwenda mbali, siku hizi unachimba mpaka mkono unapotelea begani. Ukingo hatukuulalamikia. Tuliufurahia.

Maana ukingo ule tangu zamani ndipo penye joto. Unatazama upande ambao jua linalalia wakati wa kipupwe, na upepo unapita juu yake bila kushuka. Wachunga mbuzi wote wamekaa pale. Wanawake tukitoka kuokota kuni tunatua mizigo pale. Na baada ya malori kupachimba, pakawa pazuri zaidi. "Haya malori yametuharibia maji," Evarista aliniambia, "lakini angalau yametuachia baraza."

Hakumpeleka mtoto kichwa kichwa. Alitangulia peke yake siku moja kabla, akaingia chini ya ule udongo, akawasha njiti ya kiberiti. Mwali ukasimama wima mpaka ukamuunguza kidole. Alirudi ananionyesha kile kidole, amefurahi kama msichana. Hakuna upepo, Anjelina, hata kidogo.

Kesho yake walikwenda. Bibi alitandika blanketi kibarazani, akamkalisha Filipo, akampa karanga za kuchemsha kwenye bakuli. Yeye na Ruthu wakaenda katikati ya korongo kuchimba. Yaliyofuata ninayajua kutoka kwao wote wawili, na hayapishani.

Filipo akasema, "Na mimi nataka kuchimba."

"Maji ya baridi, mume wangu. Wewe kaa hapo penye joto. Sisi wake zako tutakuletea."

Akakaa. Alikuwa mtoto msikivu. Baadaye akavua kofia, Ruthu akamwona, akamsemea kwa bibi, na bibi akapaza sauti kumwambia avae. Akavaa. Evarista akainamia tena kisima chake, maji yakiwa yameanza kujikusanya, akamwambia Ruthu alete kata. Ndipo ukingo ukashuka. Haukutoa kishindo kikubwa. Ruthu anasema ilikuwa kama mtu ametua gunia.

Mimi nilisikia kilio cha Ruthu nikiwa uani. Nilipofika, vibarua wa lori lililokuwa likipakia huko chini walikuwa wameshafika na koleo zao, na Evarista alikuwa anawasukuma. "Msitie chuma," alikuwa anasema. "Mtamkata. Msitie chuma." Alichimba kwa mikono, amepiga magoti, udongo anautupa nyuma katikati ya miguu, vile vile kama alivyokuwa akichimba maji miaka yote ile. Sijawahi kuona binadamu anachimba hivyo. Wale vijana wakatupa koleo, wakapiga magoti kando yake, nasi tukafuata. Kofia ilitokea kwanza. Halafu sweta ya juu.

Gari lililokuwepo lilikuwa lile lori la mchanga. Waliwapakia bibi na mtoto mbele, dereva akaendesha huku analia. Zahanati hawakuwa na la kufanya.

Tulimzika Ihumwa, karibu na babu yake. Kaburini Evarista alisema mara moja tu, kwa sauti ya kawaida, "Nimefiwa na mume mara ya pili." Waliokuja kutoka wizarani hawakuelewa, wakatazamana. Sisi tulielewa.

Malori yalikaa kando mpaka matanga yakaisha, kisha yakarudi kuchimba, yakipitia njia ya juu. Na mjini maneno yakaanza, bibi mzembe, bibi wa kijijini, mzee kama yule unamwachiaje mtoto. Mniwie radhi, uzembe ni kutojali. Huyu alijali mpaka kofia. Alikilinda kifua cha yule mtoto kwa akili zake zote, na kila alichokijua kuhusu baridi kilikuwa sahihi. Alichokuwa hakijui ni lori, na hicho hakuna aliyetufundisha.

Batholomeo alishuka korongoni peke yake. Aliporudi, viatu vyake vya ofisini vimejaa mchanga, alikaa chini karibu na mama yake. "Nilichungia mbuzi pale," akasema. "Hata mimi ningemweka pale pale, mama."

Ritha hakuwa amesema neno na mama mkwe tangu afike. Hakumtukana, hakumshika mkono, alipita kando yake. Tulikuwa tunaogopa siku atakayofungua mdomo. Siku ya kuondoka, mizigo ikiwa garini na Ruthu ameshakaa nyuma, Evarista alitoka ndani na zile sweta mbili na kofia. Alikuwa amezifua, amezikausha juani, amezikunja. Akampa kwa mikono miwili, macho chini.

Ritha akazipokea. Akapapasa ile ya juu kwa kidole gumba. Mimi nilikuwa kwenye pengo la minyaa, nimeziba mdomo kwa kanga.

"Mama," akasema. "Alisikia baridi?"

"Hapana, mwanangu. Hapakuwa na upepo."

Ritha akaitikia kwa kichwa. Akasema asante, akaingia garini na zile nguo mapajani, wakaondoka. Ruthu hajaletwa tena, na Evarista hajauliza.